Uji wa Lenah

Kuna fomu ya utafiti wa kansa ya matiti inayozunguka siku hizi kutoka Bungoma mpaka Kitale. Ina maswali ishirini na mawili. Maswali ishirini na moja yaliandikwa na watu wenye digrii. Swali la saba ni langu mimi, Phelista wa Naitiri, niliyetolewa shule darasa la tano kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Nimemwambia mchungaji, nimemwambia chifu, nimemwambia mwanamke anayeniuzia sukari. Sasa nawaambia nyinyi.

Nilipoolewa Naitiri, mashamba yale yalikuwa yametoka mikononi mwa wazungu juzi tu. Majirani wote walikuwa wageni, kila mtu anamuuliza mwenzake maji yako wapi. Bwanangu alikuwa mdogo wake Khaemba. Khaemba alikuwa na wake wawili, Joan mkubwa na Lenah mdogo, na mlango wangu ulitazamana na milango yao. Kazi yangu katika boma lile, ambayo hakuna aliyenipa, nilijikuta nayo tu, ilikuwa kuwapikia uji waliojifungua. Uji wa wimbi, uliochachuka kidogo, mzito mpaka mwiko unasimama wenyewe. Mwanamke akijifungua nampelekea asubuhi na jioni mpaka maziwa yajae.

Kwa hivyo mimi nilijua kila mtoto wa pale ametoka wapi. Karani wa vyeti huandika anachoambiwa. Wazee husema kinachowapendeza. Lakini wimbi tulikuwa tukilisaga kwa mkono, juu ya jiwe, magoti yakiuma. Hakuna siku nilimpikia mtu ambaye hakuzaa, ila mara moja, na nitafika hapo.

Lenah alituacha Vivian, kitindamimba wake, akiwa bado shule ya msingi. Ilianza na uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama harage, akaufunga kwa leso akaenda kupalilia. Ulipokuwa mkubwa wazee wakasema amerogwa. Wakamtafuta mchawi, na alipokosa kujitokeza wakaanza kunitazama mimi, ati kwa sababu nacheka sana. Miaka ikapita, Sally, binti yake mkubwa, akaona harage lile lile. Walimpeleka hospitali ya Lugulu na wauguzi wakamtunza kama dada yao, lakini alikuwa amechelewa. Tulimzika akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kisha likaja kwa Vivian, anayefundisha hesabu pale Bungoma. Yeye hakungoja. Alikatwa titi moja na mpaka leo anagawanya na kuzidisha.

Sasa niwaambie juu ya Chesang, na mtanisamehe nikijisifu. Chesang ni mtoto wa binti yangu. Baba yake ni mtu wa mlimani, Elgon, ndiyo maana ana jina la huko, lakini kichwa amekichukua kwangu. Alisoma mpaka vitabu vikamwogopa. Kazi yake ni kutafuta jeni zinazoshika usukani kansa inapoanza. Alinieleza hivi, na mimi nikamfanya aeleze mara tatu, mara mbili kwa sababu sikuelewa, ya tatu kwa sababu nilipenda kumsikia.

Ndani ya mwili, alisema, maandishi ya kutuumba yanakopiwa kila siku, na kila siku makosa yanaingia. Kuna mafundi wa kuyarekebisha. Fundi mmoja hasa kila mtu anaye mara mbili: mmoja amempata kwa mama, mwingine kwa baba. Kwa watu wa Lenah, mmoja kati ya hao wawili anazaliwa akiwa hana mikono. Aliyebaki anafanya kazi peke yake, na siku akichoka ndani ya titi, makosa yanarundikana, harage linaanza. Waliipata jeni hiyo katika damu ya Vivian, ikiwa na herufi nne zilizoanguka.

"Na mtoto wa Lenah lazima amrithi huyo fundi mbovu?" nikamuuliza.

"Si lazima, Kukhu," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya nyumbani. "Ni kama kurusha shilingi. Anaweza kumpata mzima, anaweza kumpata mbovu."

"Na kama mtoto ni mwanaume?"

"Vile vile. Mwanaume anambeba na kumpitisha kwa watoto wake. Hata yeye mwenyewe anaweza kuugua, titi ama huko chini."

Nikainuka kuchochea moto, nikaacha maswali hapo. Watu wanaonijua wangeshtuka.

Likizo ya Aprili, Chesang alituita wote nyumbani kwa Vivian, Bungoma. Alitandika mezani karatasi kubwa ya ukoo. Wanawake walikuwa miduara, wanaume miraba, walioumwa wamepakwa wino mweusi. Aliyetoa majina yale alikuwa Wangila, mwana wa kwanza wa kiume wa Khaemba, anayeuza mbegu na dawa za mifugo Kitale. Wangila ni mtoto wa nyumba kubwa, nyumba ya Joan. Ndiye hushika fimbo ya marehemu baba yake penye mahari na penye matanga, na akiishika hukohoa kwanza ili watu waione.

Upande wa Lenah karatasi ilikuwa na weusi unaoumiza macho. Upande wa Joan ulikuwa mweupe: Joan mwenyewe, aliyekufa kwa uzee akiwa na matiti yake yote mawili na ulimi wake wote, kisha mraba mmoja wa Wangila, na chini yake mduara wa Ivy, binti yake. Chesang alieleza kwamba dada zake Khaemba walizeeka wakiwa wazima, kwa hivyo ugonjwa uliingia na Lenah. Watoto wa Lenah na wajukuu wake wapimwe. Nyumba ya Joan, ambayo haina damu ya Lenah, haina haja.

Wangila akakohoa. Akasema anashukuru Mungu, nyumba ya mama yake ni safi.

Nilikuwa nimeshika njugu mkononi. Sikuila. Nilikuwa natazama ule mraba, na mraba ulikuwa umekaa mahali si pake.

Joan hakuzaa. Alipoteza mimba nne, ya mwisho karibu aende nayo. Lenah alipojifungua mtoto wa kiume, mtoto wake wa pili baada ya Sally, alimnyonyesha miezi mitatu, kisha akamfunga katika shuka na kumpeleka mlango wa pili. Akamwambia Joan, huyu ni wako. Hakulazimishwa na mtu. Hayo yalikuwa yakifanyika, na sheria yake ni moja: mtoto akishatolewa, jambo lile halitajwi tena, kwa sababu likitajwa mama anavuliwa umama. Wazee wanne walichinjiwa kuku, wakapangusa midomo, wakanyamaza mpaka makaburini. Joan naye, siku zake za mwisho, alinishika mkono na kuniomba nisifungue mdomo. Aliniapisha mimi, mtu ambaye hata siri ya chumvi inamshinda. Na niliitunza miaka karibu sitini. Kama kuna tuzo ya mambo hayo, anwani yangu ni Naitiri.

Nilijiambia, basi, Wangila ni mwanaume, pengine alipata fundi mzima. Nikaenda jikoni kumsaidia Ivy na vyombo. Ivy ana miaka thelathini na mmoja na mtoto mmoja wa kike, na mimi nampenda kwa sababu ananitania kama mtu wa rika lake. Tukiwa tunaosha sufuria akaniambia kwa kicheko kwamba maziwa ya mtoto yamekataa kuisha, yamegandia upande mmoja.

"Lini uliacha kunyonyesha?"

"Mwaka jana, Oktoba."

Nilipangusa mkono nikamwambia anionyeshe. Akanionyesha mahali. Lilikuwa harage.

Nikamwambia aende hospitali kesho. Akanijibu ataenda akipata nafasi, na kwani nina wasiwasi gani. "Si umemsikia Chesang, Kukhu? Sisi ni nyumba nyeupe." Akaendelea kusugua sufuria, akiimba.

Sasa mtu atauliza, si ungemwambia pale pale? Ningemwambia nini? Kwamba baba yako hakuzaliwa na yule anayemwita mama? Mtu hawezi kupata habari za kuzaliwa kwake kutoka kwa mtoto wake. Ilibidi Wangila asikie kwanza, na kutoka kwangu. Kuhusu kiapo cha Joan, nilifikiri usiku kucha nikakata shauri kwamba nitamjibu nikifika huko aliko. Joan alikuwa mkali. Lakini angejua nilimwacha Ivy afe ili yeye aendelee kuitwa mama, hapo ndipo angenipiga kwa kweli.

Siku mbili baadaye nilikuwa Kitale na chupa ya chai iliyojaa uji. Nilikuwa nimempigia Chesang simu aje na vichupa vyake vya kupimia jeni kwa mate, akae kwenye hoteli iliyo mkabala na duka la Wangila, anywe chai polepole na asiulize maswali. Mtoto aliyesoma sana akiambiwa asiulize maswali anateseka. Nilimwona kupitia dirisha akijaribu.

Duka la Wangila liko barabara ya kuelekea Kipsongo. Wakati wa mvua wakulima hujaa mlangoni. Nilingoja wapungue, nikamimina uji, nikampa. Akanywa. Akasema uji huu umemkumbusha utotoni.

"Mama mdogo, umetoka Naitiri yote kuniletea uji?"

"Nataka kukuuliza habari ya mbegu. Nikinunua mbegu hapa kwako, niitoe kwenye ghala hili niiweke ghala la jirani. Itabadilika?"

Alinicheka kidogo, kama anavyowacheka wateja. "Mbegu haijui ghala. Itaota vile baba yake na mama yake walivyo."

"Ikikaa ghala la jirani miaka hamsini?"

"Hata mia. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ulihamishwa ghala, Wangila. Ghala lilikuwa la Joan. Mbegu ni ya Khaemba na Lenah."

Alikiweka kikombe chini taratibu sana, kama kwamba meza ilikuwa imelala na hataki kuiamsha. Akaniambia kwamba mimi ni mtu wa mzaha na huu ni mzaha mbaya. Akasema Joan alikuwa akimwonyesha mpaka kitanda alichozaliwa.

"Kitanda kilikuwa cha Joan," nikamwambia. "Uji nilimpikia Lenah. Siku arobaini, asubuhi na jioni. Joan sikumpikia hata kijiko, mpaka siku ulipopelekwa kwake, na siku hiyo nilimpikia nikiwa nalia, kwa sababu aliuliza kama anaruhusiwa kunywa."

Nilimweleza yote. Mteja mmoja aliingia akitaka dawa ya kupe, akatazama nyuso zetu, akatoka bila kuulizwa. Nilijua Wangila anafikiri juu ya fimbo. Mtoto wa nyumba ndogo hakohoi mbele ya watu. Lakini alipofungua mdomo hakuitaja fimbo.

"Sally nilimzika kama mtu wa nyumba ile," alisema. "Nilisimama mbali na kaburi. Nilisema maneno machache, nikarudi kuuza mbegu."

Nilimjazia kikombe tena.

Kisha nikamwambia habari ya harage la Ivy. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nyuma ya magunia kulikuwa na mke wake, Nyaruai, akihesabu pakiti. Nyaruai ni mwanamke wa Kikuyu aliyezaliwa hapo hapo Kitale. Hazunguki mbuyu wala mwembe, anapita katikati. Alitoka na pakiti mkononi akamtazama mumewe.

"Baba Ivy, kinachohitajika ni nini?"

"Mate," nikamjibu mimi. "Chesang yuko ng'ambo pale na chupa."

"Basi tema."

Wangila akasema polepole, haya mambo yanahitaji mtu akae, afikirie, azungumze na wazee. Tena yeye ni mwanaume, ana matiti gani ya kupimwa.

"Unayo," nikamwambia. "Tena umeyanenepesha."

Nyaruai hakucheka. "Utaketi na wazee wapi? Wamebaki wangapi wanaojua? Mmoja, na ndiye huyu. Nyumba kubwa, nyumba ndogo, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na fimbo. Tema, tujue la kumfanyia mtoto."

Nilimpungia Chesang mkono dirishani. Alivuka barabara mbio bila kumaliza chai yake. Nilipomweleza alishika kichwa, akatoa ile karatasi ya ukoo, akaitazama kama mtu aliyegundua amevaa gauni ndani nje. Hata hivyo hakukubali mate yatemwe ovyo. Alimsomea Wangila kurasa nne za ridhaa, neno kwa neno, kwamba halazimishwi, kwamba siri yake ni yake, kwamba akitaka kujitoa anaweza. Nyaruai alikuwa akipumua kwa pua kama ng'ombe anayengoja chumvi. Wangila alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sahihi, akageukia ukuta na kutema. Akaambiwa aongeze. Akatema tena. Kisha akampigia Ivy mwenyewe, akamwambia yote, hata lile la Lenah, kwa sauti moja, bila kukohoa.

Chesang alisema uvimbe haungojei mate, kwa hivyo Ivy alikuwa hospitalini Jumatatu. Walichukua kinyama kwa sindano. Ilikuwa kansa. Lakini ilikuwa bado harage, haijafika kwapani, na daktari alisema wengi humjia wakiwa wamechelewa mwaka mzima kuliko yeye. Majibu ya Wangila yalikuja wiki kadhaa baadaye. Herufi nne, zimeanguka mahali pale pale kama kwa Vivian. Ya Ivy vile vile. Kwa sababu waliijua jeni, madaktari walijua pia wanapigana na nani. Walimweleza Ivy kwamba titi la pili nalo liko hatarini, na yeye mwenyewe akachagua yatoke yote mawili. Aliniambia, "Kukhu, nimechoka kubeba mizigo ya wakubwa."

Wangila alienda Bungoma peke yake. Vivian ndiye aliyenisimulia. Alibisha hodi na mkate mkononi, akasimama mlangoni akasema, "Dada, nimekuja." Vivian akamjibu amechelewa miaka hamsini na kitu, aingie, chai imeanza kupoa. Walishinda pamoja mpaka jioni. Alitaka aambiwe kila kitu kuhusu Sally, hata chakula alichokipenda. Siku hizi kwenye mikutano ya ukoo anaanza kwa kusema yeye ni Wangila, aliyezaliwa na Lenah, akalelewa na Joan. Fimbo bado ni yake. Wazee walijaribu kunong'ona, nikawauliza ni nani kati yao aligombaniwa na mama wawili kwa kupendwa. Wakainuka kutafuta kofia zao. Wengine hata mama mmoja hakuwataka sana.

Na sasa lile swali la saba. Chesang alipowapelekea wakubwa wake ile karatasi iliyorekebishwa, walianza kujiuliza ni miraba mingapi mingine imekaa vibaya. Fomu yao ilikuwa inauliza, mama yako ni nani. Huku kwetu ukiulizwa hivyo unataja nyumba unayotoka, na hujadanganya. Walijaribu kuandika mama mzazi, mama wa damu, watu wakakasirika, wengine wakaona wanatukanwa. Ndipo Chesang akawaambia kuna mtaalamu Naitiri. Walikuja watu watatu na gari, wakaketi kwangu, wakanywa uji, nami nikawaambia wasiwaulize watoto. Wawaulize waliopika. Sasa limeandikwa hivi, kwa wino mweusi: *Mtu huyu alipozaliwa, ni nani aliyepikiwa uji?* Chesang anasema vikongwe wakilisikia wanacheka kwanza, kisha wanasema kweli. Familia tatu zilizochorwa vibaya zimeshapatikana, na katika moja kuna msichana ambaye angeambiwa yeye ni mweupe.

Mraba wa Wangila niliuhamisha mimi. Walitaka kuufuta kwa kompyuta nikakataa. Nilishika kalamu, nikachora mstari kutoka kwa Lenah mpaka kwake. Joan sikumtoa. Nilimchorea mstari wake pia, wa vidoti, na nikawaambia atakayeufuta huo nitajua.

Ivy alimaliza dawa Januari. Alikuja Naitiri na kitambaa kichwani, nywele zikianza kuchungulia, binti yake akimvuta gauni. Nilikuwa nimeamka mapema. Wimbi nililisaga kwa jiwe, si kwa mashine, na magoti yangu yana ushahidi. Nilimwekea sufuria mbele yake, akaitazama.

"Kukhu, lakini safari hii mimi sijazaa."

"Umezaa," nikamwambia. "Umejizaa mwenyewe. Kunywa kabla sijabadilisha nia."

Alikunywa vikombe viwili. Cha tatu nilikunywa mimi, kwa sababu kazi nayo ina mwenyewe.